Neno "if" la Kiingereza: tujue ahadi na isiyo ahadi

Juma hili tunawaletea somo la lugha. Si somo la darasani tu. Ni somo la sokoni, la dawa ya mtoto, na la karatasi ambayo mtu anakuomba uitie sahihi. Tutaangalia neno moja dogo la Kiingereza, neno "if", pamoja na maneno yanayotembea nalo. Kwa Kiswahili tunasema kama au ikiwa, ama tunatia -ki- ndani ya kitenzi: ukija, akilipa, mvua ikinyesha. Sentensi za namna hiyo zinaitwa sentensi za masharti.

Kwa nini tujisumbue na Kiingereza?

Sisi wa Butembo na Beni shuleni tulifundishwa Kifaransa. Lakini njia yetu ya biashara inaelekea Uganda. Ukitoka Beni kushuka Kasindi, kilometa 80 hivi, unafika kwenye mto Lubiriha, na ng'ambo yake ni Mpondwe. Huko tunakutana na Bakonzo, na kwa mdomo tunaelewana vizuri, maana lugha yao na Kinande ni ndugu. Anayeuza maharagi, mafuta ya mawese au vitenge hapati shida ya kupatana bei.

Shida inaanza pale karatasi inapotoka. Uganda ni nchi inayoandika kwa Kiingereza: risiti, mkataba, fomu ya mpakani, barua ya shule. Tena nchi yetu ilitia sahihi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka huohuo. Mkataba ulioanzisha Jumuiya hiyo, uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999, ulisema katika kifungu cha 137 kwamba lugha rasmi ni Kiingereza, na kwamba Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano. Kwa hiyo Kiswahili chetu ni mali, lakini karatasi nyingi bado zitakuja kwa Kiingereza.

Na kuna jambo jingine linalotugusa. Tangu mauaji ya mwaka 2014 yalipoanza upande wa Beni, jamaa nyingi zimevuka kwenda Uganda. Wengine wako Kyangwali, wengine Kyaka II, wengine Rwamwanja. Watoto wao wanasoma kwa Kiingereza, na wazazi wanaulizwa maswali kwa Kiingereza. Somo hili ni lao pia.

Tuanze na Kiswahili chetu

Mama asiogope akisema hajui grama. Grama ya masharti anaijua tangu utoto, kwa sababu anaisema kila siku. Angalia methali hizi.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa." Hili ni jambo la kweli siku zote. Vyombo havielei bila mtu kuviunda.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Hapa kuna sharti (usipoziba) na matokeo yanayokuja kweli (utajenga). Matokeo yamebeba -ta-.

"Ningalijua huja nyuma." Hapa mambo yamekwisha kupita. Mtu anajuta, na majuto hayarudishi kitu.

Katikati ya hizo mbili za mwisho iko -nge-: "Ningekuwa na franga, ningenunua mashine ya kusaga." Sina franga, kwa hiyo sinunui. Ninawaza tu.

Basi mama anayeweza kutofautisha nitanunua, ningenunua na ningalinunua amekwisha kushika nusu ya somo. Wengi wetu tukiongea tunachanganya -nge- na -ngali-. Hiyo si kitu. Kwa somo hili tuwe tunazitenga.

Aina nne za sentensi

Walimu wa Kiingereza wanazihesabu kuanzia sifuri. Tutumie mfano wa kakao, maana wengi wetu tunaijua.

Aina ya sifuri ni jambo la kila siku. "If cocoa stays wet, it goes bad." Kakao ikibaki na maji, inaharibika. Pande zote mbili ziko katika wakati wa sasa.

Aina ya kwanza ni jambo linaloweza kutokea, na ndani yake mara nyingi kuna ahadi au onyo. "If your cocoa is dry, I will buy it." Kakao yako ikiwa kavu, nitainunua. Upande wa "if" ni wakati wa sasa, na upande wa pili una "will", ambayo ni -ta- yetu.

Aina ya pili ni mawazo tu. "If your cocoa were dry, I would buy it." Kakao yako ingekuwa kavu, ningeinunua. Maana yake: si kavu, na siinunui. Upande wa pili una "would", ambayo ni -nge- yetu.

Aina ya tatu ni jambo lililopita. "If your cocoa had been dry, I would have bought it." Kakao yako ingalikuwa kavu, ningaliinunua. Maana yake: haikuwa kavu, sikuinunua, mambo yamekwisha.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Katika aina ya pili Kiingereza kinatumia umbo la wakati uliopita, kwa mfano "If I had money". Mtu anaona "had" anafikiri tunasema habari ya jana. Hapana. Hakuna jana humo. Kiingereza kinarudi nyuma ili kuonyesha kwamba jambo liko mbali na ukweli. Kifaransa kinafanya vilevile: tunasema "si j'avais de l'argent", na hatusemi kwamba tulikuwa nazo jana.

Jambo la pili: Kiswahili kinatia -nge- pande zote mbili, ningekuwa na ningenunua. Kiingereza hakifanyi hivyo. Usiseme "If I would have money". Mwalimu wa Kifaransa anakataza vilevile kuweka "j'aurais" nyuma ya "si". Anayeikumbuka sheria hiyo ya Kifaransa tayari anaijua ya Kiingereza.

Tafuta "will" au "would"

Hapa ndipo pesa ilipo. Mnunuzi wa Kasese au Kampala akikutumia ujumbe kwenye simu, usikimbilie kutazama bei. Tafuta kwanza kama ameandika "will" au "would".

"I will take 20 bags if you bring them on Friday." Nitachukua mifuko 20 ukiileta siku ya tano. Ameahidi. Wewe timiza sharti, naye atimize lake.

"I would take 20 bags if you were nearer." Ningechukua mifuko 20 kama ungekuwa karibu. Hajaahidi kitu. Amekataa kwa upole. Mama akiukopa mzigo na kulipa gari kwa sababu ya ujumbe huo, atafika mpakani na kukosa mnunuzi, na deni litabaki juu yake.

Kwa sikio ni vigumu zaidi, kwa sababu wanaoongea Kiingereza wanafupisha. "I will" inakuwa "I'll", na "I would" inakuwa "I'd". Ni sauti moja tu mwishoni. Tena kuna "won't", ambayo ni kufupisha "will not", na inasikika karibu sawa na "want". "We want to pay" ni tunataka kulipa. "We won't pay" ni hatutalipa. Ukiwa na mashaka, usione haya. Uliza wazi: "Will you buy, yes or no?" Au omba akuandikie.

Tuwaonye pia juu ya adabu ya barua. Mtu akiandika "I would be grateful if you paid by Friday", usiseme ni mawazo tu kwa sababu umeona "would". Hiyo ni njia ya heshima ya kudai: tafadhali ulipe kabla siku ya tano haijapita. Barua za shule na za kukumbusha deni hupenda maneno hayo.

"If" si "when"

Kiswahili chetu kina -ki- moja kwa mambo mawili. Mtu akisema "Gari likija, nitakulipa", anaweza kuwa na maana kwamba gari linakuja kweli, tungoje saa tu. Anaweza pia kuwa na maana kwamba labda litakuja, labda halitakuja. Kiingereza kinalazimisha kuchagua.

"When the truck comes, I will pay you." Gari litakapokuja, nitakulipa. Anaona gari litakuja.

"If the truck comes, I will pay you." Gari likija, nitakulipa. Lisipokuja, hakuna malipo.

Sisi tunaojua barabara zetu wakati wa mvua, na tunaojua usalama wa njia hizi, tunaelewa kwamba tofauti hiyo si ndogo. Karatasi ikisema "if", hasara ya gari kutofika inaweza kukuangukia wewe. Kabla ya kutia sahihi, uliza: gari lisipofika, nani anabeba hasara? Jibu liandikwe humo humo.

Maneno yanayojificha

"If" haiji peke yake. Kuna maneno mengine yanayofanya kazi ya sharti, na mengine ni makali kuliko yeye.

La kwanza ni "unless". Maana yake ni "kama si hivyo", yaani -sipo- yetu. "Unless you pay on Friday, we will sell the goods." Msipolipa siku ya tano, tutauza mali. Mtu asiyejua "unless" anaweza kusoma "you pay on Friday, we will sell" na kufikiri kwamba akilipa ndipo watakapomuuzia. Ni kinyume kabisa. Ukiona "unless", weka -sipo- kichwani mwako mara moja.

La pili ni "provided that", na ndugu yake "as long as". Maana yake ni mradi, kwa sharti kwamba. "You may return the goods provided that you keep the receipt." Unaweza kurudisha mali mradi umetunza risiti. Risiti ikipotea, haki hiyo imepotea nayo.

La tatu ni "in case". Hili ni la kujikinga. "Keep the receipt in case there is a problem." Tunza risiti, isije ikatokea shida. Hapa hungoji shida ndipo uitunze. Unaitunza tangu sasa.

Mwisho, sentensi inaweza kuanza na "Should" au "Had" bila "if" kuonekana. "Should the buyer cancel, the deposit will not be returned." Mnunuzi akivunja mapatano, pesa ya kutanguliza haitarudishwa. Inafanana na swali, lakini haina alama ya kuuliza mwishoni. Ni sharti kamili.

Kwenye dawa ya mtoto

Dawa nyingi zinazopita mpakani zimeandikwa kwa Kiingereza. Maneno ya masharti yaliyo kwenye boksi ni ya kulinda maisha, na mengi ni ya aina ya sifuri: if pamoja na amri.

"Do not use if the seal is broken." Usitumie kama kifuniko kimefunguliwa. Dawa ya namna hiyo irudishe.

"If symptoms persist, see a doctor." Dalili zikiendelea, mwone daktari. Haisemi uongeze dawa.

"Do not give this medicine unless advised by a doctor." Usitoe dawa hii daktari asipokuagiza. Tazama tena "unless".

Kusoma boksi hakuondoi kwenda kwa muuguzi. Kunakusaidia umuulize swali lenye maana: hapa kuna "if", sharti lenyewe ni gani?

Kwa ndugu zetu walio kambini

Mkimbizi anapoulizwa habari zake na wakubwa wanaopokea wakimbizi, swali moja linarudi mara nyingi kwa namna hii: "What would happen to you if you went back to your country?" Ungerudi nchini kwako, ni nini kingekupata?

Mama anayesikia "you", "went back" na "country" tu anaweza kufikiri anashitakiwa kwamba alirudi, au kwamba anaambiwa arudi. Akajibu kwa hofu, "Sikurudi, sikurudi!" na swali lenyewe likabaki bila jibu. Hiyo ni aina ya pili. Hakuna anayesema umerudi. Wanataka ueleze hatari unayoiogopa: nani, wapi, kwa nini. Jibu lake linaanza na "ningerudi". Mama aeleze kweli tupu, kwa utaratibu, katika lugha anayoiweza. Na aombe mkalimani kama Kiingereza kinamshinda. Kuomba mkalimani si aibu.

Tukipiga simu kwa ndugu zetu kule, tuwaeleze swali hili. Linagharimu dakika tano tu.

Mama anawezaje kumsaidia mtoto wa segondari?

Hata mama asiyejua Kiingereza anaweza. Mtoto akileta zoezi, mwambie akusomee sentensi, halafu ayaseme maneno yale yale kwa Kiswahili. Kisha sikiliza.

Akisema -ta- katika matokeo, Kiingereza chake kiwe na "will", na upande wa "if" uwe wakati wa sasa. Akiandika "if it will rain", mrudishe: ni "if it rains".

Akisema -nge-, kiwe na "would", na upande wa "if" uwe na umbo la wakati uliopita.

Akisema -ngali-, kiwe na "would have", na upande wa "if" uwe na "had".

Mtoto akishindwa kusema kwa Kiswahili, basi hajaelewa sentensi, hata kama ameikariri. Mwambie arudi kwa mwalimu na kuuliza. Kwa njia hiyo mama anakuwa mwalimu wa nyumbani kwa lugha yake mwenyewe.

Zoezi la kikundi

Mkikutana kwa akiba ya juma hili, chukueni robo saa. Mmoja asome, wengine wajibu: je, kuna ahadi au hakuna? Msitazame majibu kwanza.

1. "If you bring good beans, we will pay cash."

2. "We would lend you the money if you had a guarantor."

3. "If you had come on Friday, you would have found the manager."

4. "We will not open the cash box unless the chairlady is here."

5. "When the money arrives, we will call you."

Majibu: La 1 ni ahadi. Ukileta maharagi mazuri, watalipa taslimu. La 2 si ahadi. Hawakukopeshi sasa, kwa sababu huna mdhamini. Ukimpata, rudi uulize upya, na usikie kama watasema "will". La 3 limepita. Hukuja siku ya tano, hukumkuta mkubwa wa kazi. Usipoteze nauli kwa sentensi hiyo kabla hujajua yuko siku gani. La 4 ni sheria nzuri hata kwa kikundi chetu: mwenyekiti asipokuwapo, sanduku halifunguliwi. La 5 ni ahadi ya kupiga simu, na wanaona pesa itafika. Kama wangeandika "if", mngengoja kwa mashaka zaidi.

Kikundi kikimaliza, kila mmoja alete karatasi moja ya Kiingereza aliyo nayo nyumbani: risiti, boksi la dawa, mkataba wa deni. Tafuteni humo "if", "unless", "will" na "would", mpige mstari chini yake. Pasipoeleweka, mwalimu wa Kiingereza wa segondari iliyo karibu awasaidie kabla sahihi haijawekwa. Sahihi ikishawekwa, hata mwalimu hana la kufanya.